Sura ya 6: Mganga Hajigangi

Mwalimu alifika ofisini kwangu saa 11 jioni, laptopu ameikumbatia kwa mikono miwili kama aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Humu mna alama za kidato cha nne, mikondo miwili, na kesho asubuhi mkuu wa shule anazitaka mezani."

Usiku uliotangulia Windows ilikuwa ikijisasisha, umeme ukakatika. Betri ya mashine ile ilikwisha kufa siku nyingi, ikawa inaishi kwa waya peke yake, basi ikazima palepale kazi ikiwa nusu. Tangu hapo kila akiiwasha inaandika kwamba inajitengeneza, vidoti vinazunguka, kisha inakiri kuwa imeshindwa. Alijaribu System Restore, akaambiwa hakuna mahali pa kurejea. Akajaribu Reset this PC kwa ile njia ya kubakiza mafaili. Ikaenda, ikasimama, ikasema kulikuwa na tatizo na hakuna kilichobadilishwa. Alipopita kwa fundi wa jirani, jibu lilikuwa fupi: "Hii ni kupiga Windows upya tu, mzee."

Kupiga Windows upya, kwa namna inavyofanywa mitaani, mara nyingi ni kufomati diski. Na kufomati diski ile kungekuwa kuzizika zile alama.

Mwalimu akakaa, akavua miwani, akauliza swali lililozaa sura hii: "Kama kile kilichowekwa kuniokoa nacho kimekufa, mimi naokolewa na nini?"

Nyumba moja na mgonjwa

Wahenga walisema mganga hajigangi. Sijui methali nyingine inayoieleza kompyuta vizuri zaidi ya hiyo.

Windows ina waganga watatu wa ndani. Wa kwanza ni System Restore, iliyoanza na Windows Me mwaka 2000. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya hali ya mfumo, yaani mafaili ya Windows, rejista, madraiva na programu, kisha kuihifadhi kama kituo cha kurejea. Mambo yakiharibika Jumatano, unairudisha mashine kwenye hali ya Jumatatu. Barua, picha na hati zako haizigusi: haizifuti, lakini pia haizirudishi zikipotea. Wengi huliona hilo wakiwa wamechelewa.

Wa pili ni Windows Recovery Environment, ambayo mafundi huiita WinRE. Hii ni Windows ndogo inayolala kwenye patisheni yake, ikingoja ile kubwa iugue. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, WinRE huamka yenyewe na kukuletea kioo cha buluu chenye neno Troubleshoot. Wa tatu ni Reset this PC, ambaye huijenga Windows yote upya, kwa kubakiza mafaili yako au kwa kuyafuta, kadiri utakavyochagua.

Sasa tazama wanakolala. Vituo vya kurejea vimo kwenye diski. WinRE imo kwenye diski. Reset, usipoiambia vinginevyo, huokota matofali ya kujengea kutoka kwenye diski hiyohiyo. Kwa kawaida ni diski moja tu, ileile iliyo na Windows inayoumwa. Nyumba ikishika moto, ndoo ya maji imo jikoni.

Ukilishika jambo hilo moja, makosa mengi ya urejeshaji hayatakutisha tena kwa misimbo yake. Kila linapotokea utajiuliza maswali mawili: ni mganga yupi aliyelala, na ni kitu gani anachotumia kwa pamoja na mgonjwa?

Kwanza toa watu

Kabla ya amri yoyote ya kutengeneza, toa mafaili yako. Jaribio la kutengeneza linaweza kushindwa, na diski inayokufa huwa na pumzi chache zilizobaki. Usizimalize kwenye matengenezo.

Kama WinRE inafunguka, njia ipo, na haihitaji programu ya kununua. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Ikikuuliza nywila ya akaunti ya msimamizi, iandike. Kwenye kile kioo cheusi andika:

notepad

Itafunguka ile programu ndogo ya kuandikia. Nenda File, kisha Open, na pale chini badilisha aina ya mafaili iwe All Files. Hapo utakuwa na dirisha linaloonyesha diski zote. Chomeka flashi au diski ya nje, tafuta folda ya Users, ingia kwenye jina lako, bofya kulia juu ya folda unayoitaka, chagua Copy, kisha nenda kwenye flashi na ubandike. Ukiwa unanakili hutaona mstari wa maendeleo, dirisha litaonekana limeganda. Livumilie. Usishangae pia ukikuta diski uliyozoea kuiita C imeitwa D au E. Ndani ya WinRE herufi hubadilika, kwa hiyo iamini folda unayoiona kuliko herufi.

Alama za Mwalimu zilikuwa kwenye faili moja la Excel ndani ya Desktop. Tulipoliona jina lake kwenye lile dirisha dogo, hakusema kitu; alishusha tu pumzi ndefu. Dakika mbili baadaye lilikuwa kwenye flashi, na tukalifungua kwenye kompyuta yangu kuhakikisha linasomeka. Hatua hii ya mwisho usiiruke. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni tumaini tu.

System Restore inapokataa

Kosa linaloongoza ni lile la Mwalimu: hakuna kituo hata kimoja. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 ulinzi huu huja ukiwa umezimwa, na mwenye mashine haambiwi. Anaishi miaka akidhani ana pa kurejea. Kwenye mashine inayowaka, tafuta Create a restore point, tazama diski C imeandikwa On au Off. Ikiwa Off, bonyeza Configure, uiwashe, na uitengee sehemu ya diski. Asilimia 5 hadi 10 inawatosha watu wengi. Kisha bonyeza Create ili kituo cha kwanza kiwepo leo.

Kosa la pili ni vituo kuwapo jana na kutoweka leo. Hapa sababu huwa nafasi. Vituo hivi hukaa kama nakala vivuli kwenye diski ileile yenye filamu na picha zako. Diski ikijaa, Windows hutupa vilivyo vikongwe kwanza. Hata diski ikiwa na nafasi, havidumu milele: tangu sasisho la Juni 2025, Windows 11 toleo la 24H2 huvitunza kwa siku 60 tu. Virusi vya kudai fidia navyo vimeijua siri hii. WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ilifuta nakala vivuli ili mwathirika asiwe na pa kurudi. Ndiyo maana hupaswi kuihesabu System Restore kuwa hifadhi ya kazi zako.

Kosa la tatu ni pale vituo vipo, unachagua kimoja, mashine inahangaika, halafu inakuambia haikufanikiwa. Ikitoa msimbo 0x80070005, maana yake imenyimwa ruhusa, na mara nyingi anayeinyima ni antivirusi iliyoling'ang'ania faili. Izime kwa muda, au bora zaidi, endesha urejeshaji ukiwa ndani ya WinRE, ambako antivirusi haijaamka. Unaweza pia kuuendesha ukiwa Safe Mode kwa kuandika rstrui.exe, ila ujue kwamba ukirejesha ukiwa huko, hutaweza kukitengua ulichofanya. Ikitoa 0x81000203 au 0x80042302, anayelalamika ni mtengeneza vivuli mwenyewe. Fungua services.msc, tafuta Volume Shadow Copy na Microsoft Software Shadow Copy Provider, na uhakikishe hakuna iliyowekwa Disabled. Mahali pake ni Manual.

Kama bado inagoma, jaribu kituo kingine cha zamani kidogo. Kikigoma nacho, tuhumu mwili wenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike kwa mfuatano huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

chkdsk C: /f

Amri ya kwanza hutengeneza ghala la vipuri vya Windows, na huhitaji intaneti. Ya pili huchukua vipuri kutoka ghala hilo na kuvipachika palipoharibika. Ndiyo sababu ya mpangilio huo: ukianza na ya pili ghala likiwa limeoza, utapachika kilichooza. Ya tatu huikagua diski yenyewe, na itaomba kufanya kazi mashine itakapowashwa tena.

WinRE isipotokea kabisa

Wakati mwingine unashikilia Shift, unabonyeza Restart, na kile kioo cha buluu hakiji. Au unaambiwa mazingira ya urejeshaji hayakupatikana. Andika amri hii kwenye Command Prompt ya msimamizi:

reagentc /info

Tazama mstari wa Windows RE status. Ukisoma Enabled, mganga yupo na anwani yake imeandikwa hapo chini. Ukisoma Disabled, andika:

reagentc /enable

Mara nyingi inatosha. Ikijibu kwamba picha ya WinRE haikupatikana, basi faili liitwalo Winre.wim limepotea. WinRE ikiwa imezimwa, faili hilo hukaa ndani ya C:\Windows\System32\Recovery. Ikiwashwa huhamishiwa kwenye patisheni yake. Lisipokuwapo kote kuwili, linaweza kutolewa kwenye flashi ya kusakinishia Windows ya toleo lilelile na kurudishwa kwenye folda hiyo, kisha amri ikarudiwa.

Linapoteaje? Huku kwetu majibu ni mawili, na nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni diski kubadilishwa. Umenunua laptopu ya mtumba, fundi akakushauri uweke SSD ili iwe nyepesi, akahamisha patisheni ya Windows peke yake na kuiacha ile ndogo asiyoijua kazi yake. La pili ni mtu kuona patisheni ya megabaiti mia kadhaa isiyo na jina, akaiona ni nafasi inayopotea bure, akaifuta. Ukinunua mashine iliyokwisha tumika, reagentc /info iwe miongoni mwa amri zako za kwanza, kabla hujamwaga hata picha moja ndani yake.

Hata aliyeijenga hukosea

Nataka mtu yeyote aliyewahi kujilaumu mbele ya kioo cha buluu asikie hili. Urejeshaji umekuwa ukivunjika mikononi mwa watengenezaji wenyewe tangu utoto wake. Kwenye Windows Me, vituo vilivyowekwa baada ya Septemba 8, 2001 viligoma kurejesha, mpaka Microsoft ilipotoa marekebisho. Vilionekana vipo kwenye orodha, tarehe zimepangwa vizuri, na havikuwa na kazi.

Januari 9, 2024 likatoka sasisho la usalama la Windows 10, KB5034441, lililokusudiwa kuitengeneza WinRE. Kwenye mashine nyingi likakwama kwa kosa 0x80070643, kwa sababu lilihitaji megabaiti 250 za nafasi ndani ya patisheni ya urejeshaji, na patisheni hiyo ilikuwa imekatwa ndogo tangu siku ya kwanza. Agosti 12, 2025 masasisho ya mwezi yakaivunja Reset kwenye Windows 10 na baadhi ya matoleo ya Windows 11. Dawa ikaja Agosti 19. Kisha Oktoba 14, 2025, siku ileile Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, sasisho la Windows 11 likafanya kipanya na kibodi za USB zisifanye kazi ndani ya WinRE. Kioo cha buluu kilitokea, vitufe vyote vilionekana, na hapakuwa na namna ya kuvibonyeza. Siku 6 baadaye, Oktoba 20, likatoka sasisho la kuponya.

Kwa hiyo ukiona urejeshaji uliofanya kazi mwezi jana umegoma mwezi huu, angalia kwanza ni sasisho gani limeingia hivi karibuni. Kama mashine inawaka, tafuta sasisho jipya zaidi. Kama haiwaki, ndani ya WinRE mna Uninstall Updates.

Reset na bei ya bando

Reset ikikuambia kulikuwa na tatizo, kumbuka inakookota matofali. Ukichagua Local reinstall, inaijenga Windows mpya kwa mafaili ya Windows ya zamani. Yakiwa yameharibika, jengo haliinuki. Mwaka 2020, Windows 10 toleo la 2004 lilileta chaguo la pili, Cloud download, linaloshusha Windows nzima kutoka kwa Microsoft. Ni gigabaiti 4 hivi, na najua maana ya gigabaiti 4 kwa mtu anayenunua bando la siku. Bado nakushauri uitafute intaneti hiyo kwa rafiki, kazini au maktaba kabla hujakubali kufomati. Kumbuka pia kwamba Keep my files hubakiza mafaili, lakini programu ulizosakinisha zitaondoka.

Ufunguo wa tarakimu 48

Kuna wakati mganga yuko macho, dawa anayo, ila mlango wa chumba cha mgonjwa umefungwa. BitLocker huifunga diski kwa usimbaji ili mwizi asisome kilichomo, na WinRE ikitaka kuifikia diski iliyofungwa hivyo, itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 inayosakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft huiwasha kinga hii yenyewe, hivyo wapo wengi wenye kufuli wasilojua wanalo.

Julai 19, 2024 dunia ilijifunza uzito wa tarakimu hizo. Sasisho lenye hitilafu la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5. Dawa ilikuwa rahisi kuitamka: ingia Safe Mode au WinRE, ufute faili moja, uwashe upya. Lakini kila diski iliyofungwa kwa BitLocker ilidai ufunguo wake kwanza, na mafundi wakalazimika kuzikalia mashine moja moja.

Ufunguo wako kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia leo kwa simu, usome, uuandike kwenye karatasi, uweke pamoja na vyeti vyako. Ukiupoteza kabisa, hakuna fundi wa kweli atakayekufungulia diski hiyo, na anayekuahidi anataka pesa yako.

Dawa kutoka nje

Sasa turudi kwa Mwalimu. Alama zilikuwa salama, lakini waganga wake wote watatu walikuwa wameguswa na ugonjwa uleule: kituo hakikuwahi kuwekwa, Automatic Repair, ule utengenezaji wa WinRE unaojianzisha wenyewe, iliufikia mwisho wa ujuzi wake, na Reset ilijaribu kujenga kwa mafaili yaliyoachwa nusu mpya nusu ya zamani.

Nikachukua flashi yangu. Ni ya gigabaiti 8, kima cha chini kinachotakiwa, na nimeiandaa kwa Media Creation Tool ya Microsoft kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Kuiandaa hufuta kila kitu kwenye flashi, basi itengee flashi ya kazi hiyo tu. Tukaichomeka, tukaiwasha laptopu tukigongagonga kitufe cha kuchagulia diski. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc au F9. Kioo cha usakinishaji kilipotokea hatukubonyeza Install. Tulichagua Repair your computer, tukaingia Command Prompt, tukahakikisha herufi ya diski yenye Windows, kisha tukaandika:

DISM /Image:C:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions

Amri hii huiambia Windows iyatupe mabadiliko yote ya sasisho lililokatikia njiani. Ni kwa mashine iliyokataa kuwaka tu. Usiichezee kwenye iliyo nzima. Ilichukua muda wa chai. Tukachomoa flashi, tukawasha, na picha ya wajukuu wa Mwalimu ikatokea kwenye kioo.

Sikumwacha aondoke. Tuliwasha System Protection, tukaweka kituo cha kwanza, tukasoma reagentc /info mpaka pale penye Enabled. Kisha nikamwandalia flashi yake mwenyewe, nikamwomba aizime laptopu na kuiwasha kutoka kwenye flashi hiyo kwa mkono wake, peke yake, mimi nimekaa pembeni. Mara ya kwanza alichelewa kugonga kitufe na Windows ikafunguka kama kawaida. Akaizima, akarudia. Mara ya pili kioo cha usakinishaji kikaja, akanyoosha kidole mpaka pale palipoandikwa Repair your computer, akanigeukia.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, Mwalimu."

Akaizima bila kubonyeza kitu. Flashi akaifunga kwa uzi kwenye funguo za nyumba yake, lile faili la alama likabaki kwenye flashi nyingine mfukoni, akaaga. Giza lilikuwa limeshaingia.